Hakuna Tarehe Thelathini na Mbili

Ukitaka kumjua Severina Toteva, usimwulize umri wake wala alikosoma. Mwulize kwa nini toleo fulani la programu linaitwa 3.8.2 na si 3.9. Ukishauliza, vuta kiti ukae, maana hutoki leo.

Nimefanya naye kazi miaka mingi katika ofisi yetu ya vyumba viwili hapa mjini Ruse, kando ya Danube, juu ya duka la mikate, ambako harufu ya banitsa, mkate wetu wa jibini, hupanda ngazi kila asubuhi kabla yetu. Mimi ni Ognyan. Kazi yangu ni kuijaribu programu kabla haijatoka na kupokea simu za wateja baada ya kutoka, yaani natukanwa mbele na nyuma. Yeye ndiye anayeiandika. Mwenye ofisi ni Kamen, kijana wa viatu vyeupe na mawazo mapya kila Jumatatu. Si mtu mbaya. Shida yake ni Jumatatu tu.

Programu yetu ni moja, inaitwa Slana, maana yake jalidi, ule umande unaoganda alfajiri na kuua maua ya miti. Wateja ni wakulima wa aprikoti wa upande wa Silistra. Wanatundika vipimajoto vidogo kwenye matawi, na hewa ikikaribia kuganda Slana inapiga kelele kwenye simu mpaka mkulima aamke, atoke na koti juu ya nguo za kulalia, awashe majani makavu, moshi utande chini ya miti na maua yapone. Asipoamka kwa wakati, anakuta maua meusi katikati, na mwaka huo hana cha kuuza wala cha kupikia rakiya, pombe yetu kali ya matunda.

Sasa rudi kwenye namba. Mama yake Severina alikuwa fundi cherehani, na nadhani ndiyo maana siku yangu ya kwanza kazini alinieleza hivi, akinishika ukosi wa koti.

"Sikiliza, Ogi. Namba ya mwisho ni kifungo. Nikiipandisha, ujue nimekushonea kifungo kilichokatika, vaa uende zako. Ya katikati ni mfuko. Nimekuongezea mfuko, ukitaka utumie, hutaki uache, koti ni lile lile. Lakini ya kwanza nikiigusa, nimelifumua koti. Usilivae mbio mbio. Lijaribu kwanza, maana mkono unaweza usipite."

"Na mteja anajua yote hayo?"

"Mteja si lazima ajue. Mimi ndiye ninayelazimika kutomdanganya."

Basi ndivyo alivyo. Kwake namba ya toleo ni neno alilompa mtu, na akishalitoa halirudishi. Safari moja alihamisha kitufe kimoja tu, kutoka kulia kwenda kushoto, akapandisha namba ya kwanza, kutoka mbili hadi tatu. Kamen alikuwa mwekundu kama pilipili ya kuchoma.

"Kwa kitufe kimoja, dada Severina? Watu watadhani tumejenga upya dunia!"

"Kitufe hicho wanakibonyeza gizani, na usingizi machoni," alisema. "Kidole kitakwenda kulia, kitakuta hewa. Kwao hiyo ndiyo dunia."

Nilimcheka siku hiyo. Mtu anayeumizwa na namba kama wengine wanavyoumizwa na jino ni lazima umcheke kidogo, la sivyo utahamia dawati la pili kumkimbia.

Lakini mwaka juzi mambo yalimfika pabaya. Simu mpya zilikuja na tabia ya kuzilaza programu usiku ili kuokoa betri. Hakuna aliyetuambia. Jalidi ikashuka, na katika simu za aina hiyo Slana ikalala fofofo pamoja na wenyewe. Miongoni mwa waliolala alikuwamo Dobrin, mdogo wake Severina wa tumbo moja, anayelima miti ya baba yao kijijini Kaisievo. Hakuvuna hata ndoo.

Dobrin hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimpigia dadaye akasema kwa upole kabisa, "Dada, mwaka mmoja tena wa namna hii, nakata miti ya baba yote napanda alizeti. Alizeti haihitaji kuamshwa." Kisha akakata simu, na kwa muda mrefu hawakuzungumza zaidi ya heri ya Krismasi.

Majira ya baridi yote Severina alishughulika na jambo hilo moja. Miti ile aliipanda baba yake, na yeye mwenyewe utotoni alikuwa akiiparamia na watoto wa jirani mpaka suruali zikachanika. Alimaliza mwanzoni mwa Machi. Slana mpya haikubali kulazwa na simu. Kuna sharti moja tu, mwenye simu lazima aifungue mara moja na kubonyeza kwamba anairuhusu kukesha. Bila kubonyeza, ni kama hukuipata.

"Hii ni nne," alisema. "Nne, nukta, sifuri, nukta, sifuri. Mtu analazimika kufanya kitu, kwa hiyo ni koti jipya."

Ilikuwa Jumatatu. Kamen aliinua mkono kama askari wa barabarani.

"Hapana. Tumeshateseka vya kutosha na namba zenu. Umesahau ile ya Mzee Stoimen?"

Nani angesahau? Mzee Stoimen alikuwa mhasibu wa ushirika kijijini kwao kabla ya kustaafu, na tulipotoka 3.9 kwenda 3.10 alinipigia simu nikiwa na mkate mdomoni.

"Kijana, mnanirudishia programu ya zamani?"

"Hapana, mzee, hiyo ndiyo mpya kabisa."

"Tatu nukta kumi ni tatu nukta moja. Ni ndogo kuliko tatu nukta tisa. Au siku hizi hesabu nazo mmezibadilisha?"

"Mzee, hiyo si desimali. Unasoma tatu, halafu kumi. Ni kama nyumba namba tisa na nyumba namba kumi."

"Nimefunga mahesabu tangu baba yako hajaoa, unanifundisha nukta wewe?" Na hakuiweka mpaka tulipotoa 3.11, ambayo kwa hesabu yake bado ilikuwa ndogo, ila alisema amechoka kubishana na watoto.

"Kwa hiyo," Kamen akaendelea, "kuanzia leo tunakwenda kwa mwaka na mwezi. Makampuni makubwa yanafanya hivyo. Mwaka ni ishirini na tano, mwezi ni wa tatu. Slana 25.03. Mtu akiitazama anajua ni mbichi au imechacha. Hakuna kubishana."

Nilimtazama Severina nikingoja moto. Haukuja. Alikaa akiifikiria namba ile kama anavyoonja supu, kisha akatikisa mabega.

"Mwaka na mwezi havidanganyi," alisema. "Hainiambii kama koti ni jipya, lakini haidanganyi. Haya."

Ikatoka. Kwenye simu za wateja ukaja ujumbe mfupi: *Slana 25.03 iko tayari. Ifungue na uikubali.* Tukanywa boza, togwa yetu ya nafaka, kushangilia, na nikakaa kando ya simu yangu kungoja matusi.

Matusi hayakuja. Hakikuja kitu. Kwenye skrini ya Severina kuna orodha inayoonyesha kila mteja ana toleo lipi, na orodha ile ilikaa kimya kama shule wakati wa likizo. Watu mia tatu na ushei, walioweka toleo jipya hawajai basi dogo.

"Wavivu," Kamen akasema. "Wakulima ndivyo walivyo."

"Wakulima wanaamka saa kumi," nikamjibu. "Wewe unaamka saa ngapi?"

Simu zilizokuja zilikuwa za ajabu kidogo. Mama mmoja alinipigia kunishukuru kwa kumkumbusha sikukuu ya Blagovets. Nikamwambia haya mama, asante, nikidhani amekosea namba. Mwingine aliuliza kama mambo ni ya asubuhi au baada ya kanisa. Nikamwambia wakati wowote, mzee, hata sasa hivi. Akacheka sana, akasema vijana hamna subira.

Wakati huo joto lilikuwa limekuja mapema na aprikoti zote zilikuwa zimechanua. Picha zilikuja kutoka Silistra, vilima vyeupe na waridi, watu wanafungua ule uzi mwekundu na mweupe ambao kwetu huvaliwa mkononi kila Machi mpaka miti ichanue, na kuufunga kwenye tawi lenye maua. Ukiona picha kama hizo roho inafurahi na kuogopa papo hapo. Na kweli, Jumatano asubuhi watu wa hali ya hewa wakatangaza: usiku wa leo mbingu safi, upepo hakuna, kuamkia Alhamisi jalidi katika bonde lote la Danube.

Severina alikuwa na banitsa mikononi, mafuta hadi kwenye viganja. Aliweka simu mezani, akaibonyeza kwa kiwiko ili isikike chumba kizima, akampigia mdogo wake. Ilikuwa simu yake ya kwanza kwa Dobrin tangu Krismasi, nami nilijifanya natafuta kalamu.

"Dobri, mambo? Umesikia hali ya hewa?"

"Nimesikia." Sauti kavu. "Majani makavu nimeshayapanga."

"Vizuri. Na Slana mpya umeiweka?"

"Bado."

"Bado? Kwa nini bado?"

"Si mpaka Blagovets?"

Severina akaacha kutafuna. "Nini mpaka Blagovets?"

"Wewe dada unaniuliza mimi? Mmeandika wenyewe. Slana, ishirini na tano, mwezi wa tatu, iko tayari. Si ndiyo Blagovets? Nikasema sawa, siku nzuri, wameifikiria. Mizinga ya nyuki naifungua Blagovets, miche naipandikiza Blagovets, na programu nitaiweka Blagovets. Kijiji kizima tumesema hivyo hivyo. Hata padri."

Nilimwona akisoma namba ile hewani, midomo ikicheza bila sauti. Ishirini na tano, nukta, sifuri tatu. Sote watatu tumezaliwa nchi hii. Tangu darasa la kwanza tunaandika siku, nukta, mwezi. Kwenye vyeti vya kuzaliwa, kwenye makaburi, kwenye pakiti za maziwa. Na tuliwapelekea watu wanaoanza kila kitu Blagovets, tarehe ishirini na tano Machi, kitu kilichoandikwa 25.03, tukashangaa kwa nini wanangoja.

"Dobri," akasema taratibu, "ile si tarehe. Ni mwaka na mwezi."

"Nani anaandika mwaka mbele?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi wajinga. Dobri, tafadhali, iweke sasa hivi, ibonyeze..."

"Dada, mwaka jana uliniambia nilale, programu itaniamsha. Nikalala. Sasa unaniambia hata tarehe mliyoandika siyo tarehe. Nina kazi shambani." Akakata.

Severina akafuta mikono kwenye sketi yake nzuri, hakuona hata anachofanya. "Mungu wangu," alisema. "Watu mia tatu wamelala wanangoja Blagovets."

Kamen aliingia akipiga mluzi, akaelezwa, mluzi ukafia njiani. Lazima nimsifu hapa: hakubisha. Alikaa chini akasema, "Tuwatumie jipya leo leo. Tuliite 25.03.1."

"Watasoma tarehe ishirini na tano, saa moja," nikasema.

"Basi 26."

"Watangoja tarehe ishirini na sita," Severina akasema.

"Basi rudi kwenye ile nne yako! Nne, sifuri, sifuri! Hakuna mwezi wa sifuri, hakuna atakayeiona tarehe."

Angalia sasa ujanja wa namba. Severina alitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Siwezi. Tumeshatoa ishirini na tano. Simu haikubali namba irudi nyuma, ikiona nne baada ya ishirini na tano inasema hii ni ya zamani, inaitupa. Namba ukishaitoa umeitoa. Inabidi iwe kubwa kuliko ishirini na tano, na isisomeke kama tarehe hata na mlevi."

Tukaanza kutaja namba kama watu kwenye bahati nasibu. Ishirini na saba, tarehe. Ishirini na nane, tarehe. Thelathini, tarehe. Kamen alisema thelathini na moja kisha akajipiga kibao kwenye paji la uso mwenyewe. Halafu Severina alinyanyuka.

"Thelathini na mbili," alisema. "Hakuna tarehe thelathini na mbili. Si kwetu, si kwa Warumi, si kwa mtu yeyote."

"Tunaruka kutoka ishirini na tano mpaka thelathini na mbili?" Kamen alilalamika kwa mazoea tu. "Wateja watauliza zilizo katikati zimeenda wapi!"

"Waambie zimeliwa na kalenda. 32.0.0. Mbele thelathini na mbili, maana ni koti jipya. Na chini yake uandike kwa herufi kubwa: WEKA LEO."

Kufikia adhuhuri toleo lilikuwa limetoka. Lakini ujumbe tu hautoshi kwa mtu aliyekwisha kuamua kungoja Blagovets, kwa hiyo tukagawana majina na kuanza kupiga simu, mimi, Severina, hata Kamen, aliyevua koti na viatu vyeupe na kuzungukazunguka kwa soksi akipiga kelele, "Si Blagovets, mama! Leo! Leo!" Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Mzee Stoimen nilimpata mimi.

"Mzee, weka Slana thelathini na mbili sasa hivi, leo kuna jalidi."

"Thelathini na mbili ni kubwa kuliko ishirini na tano," alisema baada ya kufikiri.

"Kubwa, mzee."

"Basi hiyo naielewa." Na akaiweka tukiwa bado tunazungumza. Nilitamani kumbusu kipara.

Kufikia jioni orodha ilikuwa imebadilika. Jina baada ya jina lilikuwa limeandikwa 32.0.0 pembeni. Lakini miongoni mwa yaliyobaki na 3.11 palikuwa na jina moja ambalo sote tulilijua bila kulitaja. Dobrin Totev, Kaisievo. Severina alikuwa amempigia mara nyingi, simu imezimwa. Akampigia na mkewe, Stanka, inaita bila kupokelewa.

"Nenda," nikamwambia. "Basi la Silistra lipo bado. Nenda ukamwamshe kwa mkono wako mwenyewe."

Alitazama saa, akatazama orodha. Walikuwa wamebaki watu kama ishirini ambao hatujawapata, wengine wazee wanaoishi peke yao.

"Nikienda nitaokoa shamba moja," alisema.

"Ni la baba yako!"

"Najua ni la nani, Ogi. Unadhani sijui ni la nani?" Akapiga namba iliyofuata. "Halo, mama Nedyalka? Samahani kwa usumbufu, ni Severina wa Slana..."

Nilimletea chai akainywa baridi. Tulipompata wa mwisho, Kamen alitupeleka nyumbani kwa gari lake. Hewa ilikuwa imeshaanza kuuma masikio, nyota zimewaka zote, usiku mzuri wa kutisha.

Asubuhi nilifika mapema nikamkuta ameshafika. Alikuwa amekaa mbele ya skrini na koti lake hajalivua, mkoba mapajani, kama mtu kwenye kituo cha treni. Magari nje yalikuwa meupe kwa barafu. Orodha ilionyesha kwamba Slana ilipiga kelele kwa watu wote waliokuwa na 32.0.0, na karibu wote wamebonyeza kwamba wameamka. Nikataka kucheza. Pembeni ya jina la Dobrin ilikuwa bado 3.11, kimya.

"Amelala," Severina alisema. "Nimemlaza mara ya pili."

Na hapo simu ya wateja, simu yangu mimi, ikalia.

"Ofisi ya Slana."

Kwanza nilisikia mtu anakohoa kama anataka kutapika mapafu. Halafu sauti iliyokauka kwa moshi ikasema, "Dada yangu yupo? Simu yake haipokelewi."

Nilibonyeza sauti isikike chumba kizima. Simu ya Severina ilikuwa ndani ya mkoba ule mapajani, imekufa betri, maskini, alisahau kuichaji.

"Dobri?" alisema. "Dobri, uko wapi?"

"Shambani. Nitakuwa wapi? Tumewasha moto safu zote, mimi na Stanka na jirani. Mbwa amekuwa mweusi. Macho hayaoni. Nimepasua maua kama hamsini hapa, dada, moja moja kwa kisu, yako kijani ndani. Kijani yote!"

"Lakini nani amekuamsha? Wewe una tatu nukta kumi na moja! Nakuona hapa!"

"Ah, hiyo simu yangu. Hiyo nimeiweka kabatini. Niliwaambia watu wote kijijini kwamba yangu nitaiweka Blagovets, siwezi kugeuza maneno yangu kwa sababu nyie hamjui kuandika tarehe." Akakohoa. "Stanka ameiweka jana usiku kwenye simu yake. Thelathini na mbili. Akaniambia, hiyo si tarehe kabisa, hiyo ni Severina mwenyewe kaandika. Imelia kama nguruwe anachinjwa. Tumeanguka kutoka kitandani wote wawili."

Severina alianza kucheka. Alicheka mpaka akainama, mkoba ukaanguka, vitu vikatawanyika sakafuni, na alipoinuka uso ulikuwa umelowa wote. Mimi nami, niseme ukweli, nilikwenda dirishani kutazama magari meupe kwa muda, maana moshi wa Dobrin ulikuwa umenifikia machoni kwa njia ya simu. Kamen alipoingia tulimkumbatia bila kumweleza kwa nini, akakubali.

Blagovets ilipofika, Severina alikwenda Kaisievo, nami nikaenda naye kwa sababu nilialikwa kula samaki wa sikukuu. Miti ilikuwa bado na maua, mengine yameanza kupukutika kwenye majivu chini. Dobrin ni mtu mfupi, mpana, mgumu wa maneno. Alimsalimia dadaye kwa kumshika bega, kisha mbele ya majirani wote, kama alivyoahidi, akatoa simu yake kabatini, akaiwasha, akaitafuta Slana 25.03. Haikuwepo. Simu ilimletea 32.0.0.

"Namba hairudi nyuma," Severina alimwambia.

"Naona." Akaikubali. Majirani wakapiga makofi, Stanka akasema amechelewa kuliko padri.

Baada ya kula Dobrin alitoka na dadaye mpaka kwenye mti wa mwisho, ule mkubwa uliopandwa na baba yao wakati Severina ana miaka mitano, na Severina akafungua uzi mwekundu na mweupe uliokuwa mkononi mwake mwezi mzima, akaufunga kwenye tawi. Mimi nilikuwa nyuma yao na kipande cha samaki.

"Na itakayofuata itaitwaje?" Dobrin akauliza. "Isije ikawa Krismasi."

"Thelathini na mbili, sifuri, moja."

"Maana yake?"

"Kifungo tu. Nakishona kilicholegea. Hulazimiki kufanya chochote."

Dobrin alifikiri, mikono mifukoni. Yule mama fundi cherehani alikuwa wa wote wawili.

"Yaani koti ni lile lile," alisema.

"Lile lile, Dobri."

"Basi naweza kulala." Akamshika mkono, wakarudi nyumbani kunywa kahawa.